Barabara za Shamba hadi Soko za Texas: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Barabara ya shamba hadi soko ni barabara ya namna gani?

Ni barabara ya vijijini inayotunzwa na serikali ya jimbo la Texas, nchini Marekani, na ambayo kazi yake ya awali ilikuwa kuyaunganisha mashamba na mji wa karibu wenye soko, kiwanda cha kuchambua pamba, stesheni ya reli au barabara kuu. Jina lake rasmi ni Farm to Market Road, nalo hufupishwa kuwa FM na kufuatwa na namba, kwa mfano FM 170. Msafiri huitambua kwa bango jeusi la mraba lenye umbo la ramani ya jimbo kwa rangi nyeupe, na namba ya barabara imeandikwa ndani ya ramani hiyo.

Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba barabara hizi zinatunzwa na jimbo. Katika sehemu nyingi duniani barabara ndogo za vijijini huachiwa halmashauri ambazo hazina fedha wala mitambo, na matokeo yake hujulikana: barabara hufunguliwa kwa sherehe, na baada ya misimu michache ya mvua hubaki mashimo. Texas iliamua kwamba sehemu kubwa ya barabara hizo ndogo itakuwa mikononi mwa idara ileile inayosimamia barabara kuu. Leo zina jumla ya zaidi ya maili 40,000, sawa na kilomita 64,000 na zaidi, na hiyo ni takriban nusu ya urefu wa barabara zote zinazotunzwa na jimbo.

Je, barabara zote za vijijini Texas ni FM?

Hapana. Zipo pia barabara za kaunti, ambazo hutunzwa na kaunti zenyewe na ambazo nyingi hazina lami. Kwa kawaida mkulima hutoka shambani kwa barabara ya kaunti, akaingia FM, kisha akafika kwenye barabara kuu.

Kabla ya kuwapo barabara hizi, wakulima walifikishaje mazao sokoni?

Kwa magari ya kukokotwa na nyumbu au farasi, na baadaye kwa malori madogo, katika njia za udongo ambazo hali yake ilitegemea mvua. Texas ya kati ina ukanda mpana wa udongo mweusi wa mfinyanzi, uitwao Blackland Prairie, wenye rutuba iliyoufanya kuwa moja ya maeneo makubwa ya pamba. Udongo huohuo unaostawisha pamba huvimba unapolowa, hunata kwenye magurudumu na huteleza vibaya, kisha hupasuka unapokauka. Mkulima angeweza kuwa na mavuno mazuri ghalani, mnunuzi akiwa anamngoja mjini, na asiweze kumfikia kwa siku kadhaa. Kwa upande wa mashariki, kwenye misitu ya misonobari, taabu ilikuwa ya mabonde yenye maji na magogo mazito ambayo yalizichimba njia za mchanga hadi zikapitika kwa shida.

Ndiyo maana harakati za kudai barabara bora, zilizoenea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, zilitumia wito wa kumtoa mkulima kwenye matope. Hata hivyo, Idara ya Barabara Kuu ya Texas ilipoanzishwa mwaka 1917, ilianza kwa kuiunganisha miji mikubwa na makao makuu ya kaunti. Mkulima aliyekuwa mbali na njia hizo aliendelea kungoja kwa miaka mingine ishirini.

Barabara ya kwanza ilijengwa lini, na ilipita wapi?

Ilikamilika Januari 1937, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, katika Kaunti ya Rusk iliyoko mashariki mwa jimbo. Ilianzia Mount Enterprise, mji mdogo wa kusini mwa kaunti hiyo, na kuishia katika jumuiya ya Shiloh. Urefu wake ulikuwa maili 5.8, yaani kilomita zipatazo 9.3, na gharama yake ilikuwa dola 48,015 na senti 12.

Takwimu hizo zinastahili kutazamwa kwa makini. Kwa hesabu rahisi, kila maili iligharimu dola zipatazo 8,300, na katika miaka hiyo ya dhiki kaunti nyingi zisingeweza kujitolea fedha za namna hiyo kwa ajili ya njia inayokwenda kwenye kijiji tu. Shiloh haikuwa jiji, wala haikuwa na bandari au kiwanda kikubwa. Umuhimu wa barabara ile ni kwamba jimbo lilikubali kujenga kwa viwango vyake mahali ambapo hesabu ya idadi ya magari peke yake isingeweza kamwe kuhalalisha ujenzi.

Kwa nini mtandao ulikua baada ya Vita Kuu ya Pili?

Wakati wa vita vifaa na wafanyakazi vilielekezwa kwenye mahitaji ya kijeshi. Mwaka 1944, vita vikiwa bado havijakwisha, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya barabara iliyotenga dola milioni 500 kwa mwaka kwa miaka mitatu ya kwanza baada ya vita. Kati ya hizo, dola milioni 150 zilikuwa za barabara za daraja la pili, ambazo ni pamoja na za kuhudumia mashamba na njia za posta vijijini. Hapo ndipo majimbo yalipopata fedha za shirikisho kwa ajili ya barabara ndogo kwa kiwango kikubwa.

Texas haikuchelewa. Mwaka 1945 Tume ya Barabara Kuu ya jimbo iliidhinisha mpango wa majaribio wa miaka mitatu wa kujenga maili 7,205 za barabara za shamba hadi soko, gharama zikigawanywa nusu kwa nusu baina ya jimbo na serikali ya shirikisho. Aliyekuwa mhandisi mkuu wa idara katika kipindi hicho ni Dewitt C. Greer, ambaye alishika wadhifa huo tangu 1940 hadi 1968. Sera nyingi njema hufa kwa sababu kila kiongozi mpya huja na mipango yake, lakini hii ilikaa chini ya mkono mmoja kwa karibu miongo mitatu.

Mwaka 1946 wapiga kura wa Texas nao walikubali marekebisho ya katiba ya jimbo, yaliyoelekeza robo tatu ya mapato ya kodi ya petroli kwenye barabara na robo iliyobaki kwenye shule. Tangu hapo fedha za barabara hazikuweza kuhamishiwa matumizi mengine kwa uamuzi wa msimu mmoja wa bunge.

Sheria ya Colson-Briscoe ilibadilisha nini?

Iliufanya mpango wa majaribio kuwa wajibu wa kudumu. Sheria hiyo ya mwaka 1949 ilibeba majina ya watunga sheria wawili waliotoka sehemu tofauti kabisa za jimbo. Neveille Colson alikuwa seneta kutoka Navasota, na ndiye mwanamke wa kwanza kuhudumu katika mabaraza yote mawili ya bunge la Texas. Dolph Briscoe alikuwa mbunge kijana kutoka Uvalde, eneo la ranchi kusini magharibi, na baadaye alikuwa gavana kuanzia 1973 hadi 1979. Mashariki ya mashamba na magharibi ya mifugo zilikutana katika muswada mmoja, na hilo husaidia kueleza kwa nini ulipita.

Sheria ilitenga kiwango cha chini cha dola milioni 15 kila mwaka kwa ajili ya barabara hizi. Maneno "kila mwaka" yana uzito mkubwa kuliko kiasi chenyewe, kwa kuwa mhandisi anayejua kwamba fedha za mwaka ujao zipo anaweza kupanga kipande cha leo akijua kitaunganishwa na kipande cha kesho, na kaunti inayojua kwamba zamu yake itafika ina sababu ya kuandaa eneo la barabara mapema. Mwaka 1962 kiwango hicho kilipandishwa hadi dola milioni 23, na ukomo wa mtandao uliopangwa ukaongezwa kutoka maili 35,000 hadi 50,000.

Kwa nini nyingine huitwa barabara za ranchi?

Kwa sababu upande wa magharibi wa jimbo ni nchi ya mifugo zaidi kuliko ya kilimo. Huko hutumika jina la Ranch to Market Road, kwa kifupi RM, ingawa hadhi, fedha na matunzo ni yaleyale. Kwa ujumla barabara kuu ya US 281, inayokata jimbo kutoka kaskazini hadi kusini, huchukuliwa kuwa mpaka: mashariki yake ni FM na magharibi yake ni RM. Kanuni hii ina mianya mingi, hasa kaskazini magharibi ambako kuna mashamba makubwa ya pamba na nafaka.

Ipo pia Ranch Road 1, yenye jina la peke yake. Hupita Stonewall kando ya Mto Pedernales, karibu na ranchi ya Rais Lyndon B. Johnson, na kuungana na US 290 katika ncha zake zote mbili.

Namba za barabara hutolewaje?

Hutolewa takriban kwa kufuata mpangilio wa wakati barabara zilipoidhinishwa, bila kufuata jiografia. Kwa hiyo barabara mbili zinazokatiza katika kijiji kimoja zinaweza kuwa na namba zilizoachana kwa maelfu, na namba zinazofuatana zinaweza kuwa katika pembe tofauti za jimbo. Barabara inapofutwa au kuunganishwa na nyingine, namba yake inaweza kupewa barabara mpya mahali pengine. Anayesoma ramani ya zamani asidhani kwamba namba anayoiona pale ni ya njia ileile aliyoizoea leo.

Njia ya barabara huamuliwaje, na kwa nini historia yake husomeka vipande vipande?

Hili ndilo swali ambalo wageni wa somo hili hulipata gumu zaidi, maana hutarajia kukuta barabara iliyochorwa mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mambo hayakwenda hivyo. Kaunti, kupitia baraza lake la makamishna, hupendekeza kipande chenye uhitaji, na kwa kawaida ilitakiwa kulipata eneo la hifadhi ya barabara, ama kwa kununua ama kwa wenye mashamba kulitoa. Tume ya jimbo hupitisha azimio linalotaja mahali pa kuanzia, mahali pa kuishia, urefu na namba. Kipande kikishajengwa kwa kiwango cha jimbo, matunzo yake huwa ya jimbo.

Baada ya miaka kadhaa, kijiji cha mbele huomba nacho kifikiwe, na tume huongeza maili chache. Kisha barabara mbili ambazo ncha zake zimekutana huunganishwa chini ya namba moja. Pengine kipande chenye magari mengi hupandishwa daraja kuwa barabara kuu ya jimbo, na FM hubaki imekatika katikati. Kwa hiyo historia ya FM ya kawaida ni mfululizo wa tarehe za kurefushwa, kufupishwa, kuunganishwa na kubadilishwa namba, na kila tarehe ina nyuma yake kaunti iliyoomba na wakazi waliosubiri.

Kwa sababu hiyohiyo barabara nyingi hizi zina kona za pembe mraba katikati ya mashamba yaliyo tambarare. Njia ilifuata mipaka ya viwanja na barabara za kaunti zilizokuwapo, ili kuepuka kulikata shamba la mtu vipande viwili. Dereva huona kona isiyo na maana, lakini kwa mwenye shamba ilikuwa na maana kubwa.

Zilijengwa kwa namna gani hata fedha zikatosha?

Kwa kukubali viwango vya wastani vilivyolingana na kazi yake. Tuta liliinuliwa juu ya ardhi ili maji yasituame, mitaro ilichimbwa pande zote mbili, na makalvati yakawekwa penye vijito. Juu ya tuta liliwekwa tabaka la msingi la mawe yaliyosagwa au kokoto zilizopatikana jirani, na juu yake lami ya moto ikanyunyiziwa na kufunikwa kwa kokoto ndogo zilizoshindiliwa. Nyingi zilikuwa na upana wa futi zipatazo 20, sawa na mita sita, bila mabega ya kuegeshea gari.

Kazi kubwa ya lami hiyo nyembamba ni kuzuia maji yasiingie kwenye msingi, na uzito wa gari hubebwa na msingi wenyewe. Ufa usipozibwa, maji huingia, msingi hulegea na barabara huvunjika kutoka chini. Kwa hiyo barabara ya bei nafuu hudumu pale tu inaponyunyiziwa lami upya kwa wakati wake na mitaro yake ikizibuliwa, na kazi hiyo ya kimyakimya ndiyo iliyozifikisha barabara za miaka ya 1940 na 1950 hadi leo.

Je, zilivijenga vijiji au zilivimaliza?

Zilifanya yote mawili, na ni haki kusema hivyo wazi. Maziwa yalianza kufika mjini kila siku bila kuharibika, daktari na posta wakapata njia, na mkulima akaweza kuchagua mnunuzi badala ya kumtegemea yule wa karibu tu. Lakini mwaka 1949, uleule wa sheria ya Colson-Briscoe, bunge la Texas lilipitisha pia sheria za Gilmer-Aikin za kurekebisha elimu, ambazo ziliharakisha kuunganishwa kwa wilaya ndogo za shule. Idadi yake ilishuka kutoka takriban 4,500 hadi 2,900. Mtoto wa kijijini angeweza sasa kufika shule kubwa ya mjini kwa basi, kwa sababu barabara ya lami ilikuwapo. Shule ya kijiji ilipofungwa, mara nyingi duka lake lilifuata, kwani mwenye gari alikwenda kununua mjini palepale alipouza pamba yake.

Sensa ya mwaka 1950 ilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba wakazi wengi wa Texas walikuwa wanaishi mijini. Barabara hizi hazikuwa chanzo pekee cha uhamaji huo, kwa maana matrekta yalipunguza mikono iliyohitajika shambani na viwanda vya mijini vililipa vizuri. Waliobaki vijijini, hata hivyo, walibaki na maisha mepesi kuliko ya wazazi wao, na wengine waliweza kufanya kazi mjini huku wakiendelea kuishi katika ardhi ya familia.

Je, kuna njia moja inayofaa kama mfano?

FM 170 ni mfano mzuri, ingawa si wa kawaida. Iko magharibi kabisa, kwenye mpaka na Mexico, na licha ya kuwa katika nchi ya ranchi inaitwa FM. Huanzia Candelaria, kijiji kidogo kilicho kando ya mto Rio Grande ambako lami huishia. Kutoka hapo hushuka na mto kupitia Ruidosa hadi Presidio, mji unaotazamana na Ojinaga wa Mexico, karibu na mahali ambapo mto Conchos huingia katika Rio Grande. Maji ya makutano hayo ndiyo yaliyowezesha kilimo katika jangwa, na Presidio ilisifika kwa vitunguu na matikiti.

Kutoka Presidio barabara hupita ngome ya kale ya Fort Leaton na kijiji cha Redford, ikaingia katika hifadhi ya Big Bend Ranch, ambako milima huibana hadi ukingoni mwa mto. Hapo kuna mpando mkali ambao waendeshaji wa magari marefu huonywa juu yake. Baada ya takriban maili 50 kutoka Presidio hufika Lajitas, kisha huuacha mto na kupita Terlingua, mahali palipochimbwa zebaki, na huishia Study Butte inapokutana na barabara ya jimbo namba 118. Leo wengi wanaoipita ni watalii, lakini ukitazama mwanzo wake unaona bado mashamba ya bondeni na mji wa kuuzia mazao.

Kwa nini baadhi ya FM ziko katikati ya miji mikubwa?

Miji ilizifuata. FM 1960, kaskazini mwa Houston, ilihudumia mashamba na malisho, na sasa sehemu zake zina njia nyingi za magari, maduka na taa za barabarani. FM 1093 ni sehemu ya Westheimer Road, moja ya mitaa mashuhuri ya Houston. Mwaka 1995 idara ilizipa FM nyingi za mijini hadhi mpya ya barabara za mjini, iliyodumu hadi 2018, ili zisihesabiwe tena kama za vijijini katika mgao wa fedha, lakini mabango hayakubadilishwa na watu wanaendelea kuziita kwa majina yaleyale. Kwa maoni yetu mgawanyo huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa mkulima asingepaswa kushindana na makutano ya mjini kwa fungu lilelile.

Uchimbaji wa mafuta umeziathirije?

Umeziumiza sana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, uchimbaji katika eneo la Eagle Ford, kusini mwa jimbo, ulileta malori ya maji, mchanga na mitambo katika barabara zilizojengwa kwa malori ya pamba na mifugo. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu huongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu: uzito ukiongezeka mara mbili, uharibifu huongezeka mara zipatazo 16. Barabara yenye msingi mwembamba na isiyo na mabega haiwezi kustahimili hilo, na kingo zake humomonyoka kwanza.

Mwaka 2013 idara ilitangaza mpango wa kuzigeuza maili zipatazo 83 za barabara za lami zilizoharibika, katika kaunti kadhaa za kusini na magharibi, kuwa za changarawe. Wakazi na viongozi wao walipinga, na utekelezaji ukasitishwa kwa muda. Upinzani wao ulikuwa na msingi, kwani utajiri uliokuwa ukitoka ardhini mwao ndio uliokuwa ukiharibu barabara zao. Mwezi Novemba 2014 wapiga kura wa Texas waliidhinisha marekebisho ya katiba yanayoelekeza sehemu ya mapato ya kodi ya uzalishaji wa mafuta na gesi kwenye mfuko wa barabara kuu.

Je, kuna sehemu nyingine zenye mpango kama huu?

Zipo. Jimbo la Iowa lina mtandao wake wa barabara za shamba hadi soko wenye mfuko maalumu, ila huko wasimamizi ni kaunti. Missouri ina barabara za jimbo zinazotambulishwa kwa herufi badala ya namba, zilizokusudiwa kuzifikia jumuiya za vijijini. Ufilipino nayo hutumia jina hilihili kwa barabara zinazojengwa kuhudumia wakulima na wavuvi, na sheria yake ya mwaka 1997 ya kuboresha kilimo inazitaja.

Mtu anawezaje kufuatilia historia ya FM fulani?

Aanze na kumbukumbu za uteuzi wa barabara zinazotunzwa na Idara ya Uchukuzi ya Texas, jina ambalo idara hiyo imelitumia tangu mwaka 1991. Humo kila namba ina orodha ya maazimio na tarehe zake pamoja na maelezo ya kila kipande. Kisha azilinganishe tarehe hizo na ramani za kaunti za miaka tofauti, akiangalia hasa majina ya mahali yaliyotajwa kama mwisho wa njia, kwa sababu baadhi ya vijiji hivyo havipo tena katika ramani za sasa. Kumbukumbu za baraza la makamishna wa kaunti husaidia pale maazimio ya jimbo yanapokuwa mafupi mno, maana ndimo yanamopatikana maombi ya wakazi na makubaliano ya ardhi. Akikuta namba imetajwa katika kaunti mbili zilizo mbali, ahakikishe kwanza kama namba hiyo iliwahi kufutwa na kutolewa upya kabla ya kuziunganisha habari zake.